Paka yupi kwa nyumba ipi: kuisoma tabia ya paka wa Lamu kabla ya kumbeba

Lamu hakuna anayekosa paka. Anayekosekana ni paka anayekaa. Mtu humwokota karibu na soko la samaki, au hupewa na jirani, akampeleka nyumbani watoto wakashangilia, na mwezi haujaisha utasikia mengine: amemparura mtoto, ameiba samaki jikoni, au ametoweka na sasa anaonekana kwenye gofu la mtaa wa pili, akipita kama hamjui mtu. Hapo hukumu hutolewa kwa jumla, kwamba paka wa Lamu hafugiki. Mimi nasema anafugika sana. Mara nyingi kilichoharibika ni ndoa yenyewe: paka wa tabia hii amepewa nyumba ya mwendo ule, na hakuna aliyeulizia habari za upande wowote.

Mapenzi hayajapungua, hilo tuliweke wazi. Mwambao huu paka ana heshima yake ya kidini. Kisa cha Abu Qatada kinajulikana: alikuwa akimiminiwa maji ya udhu, paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona mkaza mwana wake Kabsha akishangaa, akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaowazungukazungukia ndani ya majumba. Heshima hiyo ndiyo inayomfungulia paka mlango wa karibu kila nyumba ya mitaa ya Mkomani na Langoni. Lakini kuingia ni jambo moja, kukaa ni jambo jingine, na kukaa kunategemea tabia.

Tatizo la kwanza ni kwamba tunaposema tabia ya paka tunachanganya mambo mawili. Moja ni ujasiri: akikutana na kitu kipya, kelele mpya au mtu mgeni, anasogea au anakimbia? La pili ni ukaribu: akiwa ametulia na hana hofu, anataka watu kiasi gani? Huko Marekani mtaalamu wa tabia za wanyama Emily Weiss aliliundia shirika la kutetea wanyama la ASPCA utaratibu wa kuwaoanisha paka wazima na walezi wapya kwa kutumia vipimo hivyo viwili. Paka anapimwa, familia inajaza dodoso kuhusu nyumba yake na inachotarajia, kisha huoanishwa kwa rangi tatu: zambarau, chungwa na kijani. Vipimo viwili hivyo vikikutanishwa huzaa makundi tisa ya paka. Sisi hatuhitaji dodoso wala rangi, ila kule kutenganisha ujasiri na ukaribu kunatufaa sana.

Kwa nini? Kwa sababu yupo paka jasiri asiyetaka kushikwa. Huyu utamkuta amelala katikati ya njia, punda aliyebeba mchanga anapita, naye hainui kichwa. Watu humwona wakasema huyu hana neno, amezoea watu. Hajazoea watu, amezoea punda. Mchukue umpakate uone. Na yupo mwoga mwenye mapenzi mengi, ambaye mgeni akibisha hodi tu anazama chini ya kitanda, lakini usiku nyumba ikitulia hatoki miguuni pa mwenyewe. Familia nyingi humkosa huyu wa pili kwa sababu siku ya kuchagua hajitokezi.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Australia na wenzao walichapisha uchunguzi wa paka 2,802, kwa kutumia majibu ya wanaowafuga Australia na New Zealand, wakapata pande tano za tabia: wasiwasi, uchangamfu, ubabe kwa paka wenzake, papara, na upole kwa watu. Kinachonivutia hapo ni ubabe kutengwa na upole. Paka anaweza kuwa asali kwa binadamu na balaa kwa paka aliyemkuta nyumbani. Kwa hiyo mwenye paka tayari asiulize tu "ananipenda?" bali pia "anaishi vipi na wenzake pale alipo?" Yule anayewafukuza wengine wote kwenye kichwa cha samaki hafai kuletewa bibi mwenye paka kikongwe.

Rangi tuiache. Paka wa rangi ya chungwa wengi ni madume kwa kuwa jeni ya rangi hiyo imo kwenye kromosomu X, na wenye rangi tatu karibu wote ni majike kwa sababu hiyo hiyo. Zaidi ya hapo rangi haitakwambia kama atamvumilia mtoto wa miaka minne. Na wembamba wa paka wetu, wenye shingo ndefu na masikio makubwa ambao wageni hupenda kuwapiga picha na kuwaita wa Mafirauni, nao hausemi lolote kuhusu tabia.

Tabia inatoka wapi, basi? Nusu ya jibu iko juu ya mapaa. Paka shume anayepiga kelele usiku halei watoto wake wala hawajui, ila amewaachia kitu. Sandra McCune, aliyefanya utafiti wake Cambridge na kuuchapisha mwaka 1995, alilinganisha watoto waliozaliwa na dume mchangamfu kwa watu na waliozaliwa na dume asiye hivyo. Watoto wa dume la kwanza, hata bila kumwona baba yao, walikuwa wepesi zaidi kumsogelea mtu mgeni, na pia kitu kigeni walichowekewa mbele yao. Alichorithisha baba ni ujasiri. Shida ni kwamba kwetu baba hajulikani, na hata mimba moja inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sana.

Nusu ya pili ni wiki za mwanzo. Kazi ya Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, miaka ya 1980, ilionyesha kuwa paka mdogo huwa tayari kuwazoea binadamu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7. Walioshikwa dakika 40 kwa siku walikuja kuwa karibu na watu kuliko walioshikwa dakika 15. Ukipita muda huo mlango haufungwi kabisa, ila kila hatua inakuwa ghali.

Sasa hapa pana fundo. Mtoto wa paka hatakiwi kutengwa na mama kabla ya wiki 8, kwa kuwa ni mama na ndugu zake wanaomfundisha kwamba kuuma kunaumiza. Kipaka anayechukuliwa wa wiki 4 kwa kuwa "ashaanza kula mwenyewe", akalelewa peke yake na mikono ya watoto wanaomchezesha kwa vidole, hukua akiamini mkono ni mchezo wa kuuma. Lakini ukisubiri wiki 8, zile wiki za kuzoea watu zimepita. Kwa maneno mengine, anayeamua tabia ya paka wako si wewe. Ni yule aliyekaa na mama yake. Kama mama alizalia juu ya dari la nyumba yenye watu, watoto wakashikwa kila siku na mikono tofauti, utapokea paka aliyekwisha andaliwa. Kama alizalia kwenye gofu la nyumba ya mawe lililoota majani, na watoto walionekana kwa mara ya kwanza wakiwa wa miezi mitatu, utapokea mnyama wa porini mwenye sura ya kupendeza. Sura ni zile zile. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza anayekugawia si dume au jike. Ni: walizaliwa wapi, na nani aliwashika?

Ndiyo maana nasimama na maoni yasiyopendwa hapa mjini: familia nyingi zingefaidika zaidi kuchukua paka mzima. Kila mtu anataka kipaka, na kipaka ni bahati nasibu. Tabia ya paka wa miaka miwili iko wazi, unaweza kuisoma mchana kweupe, na haitageuka sana. Kama ni mvumilivu wa watoto leo, atakuwa hivyo kesho. Wa wiki nane anakuonyesha mchezo na usingizi, basi.

Kumsoma huyo paka mzima kuna hila yake, na makosa mengi hutokea hapa. Usimsome wakati samaki wanashushwa. Paka mwenye njaa ni mwigizaji hodari: atajisugua miguuni, atainua mkia, atalia kwa sauti nyembamba, yote kwa ajili ya kibua mmoja. Nenda ameshashiba, alasiri. Kaa chini umbali wa hatua chache, usimwite, usimkazie macho. Nyosha kidole kimoja usawa wa pua yake uone. Anayekuja mkia ukiwa umesimama wima, ncha yake imepinda kidogo, anakusalimia. Fumba macho polepole na kuyafumbua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha paka hulijibu tendo hilo, na humsogelea zaidi mgeni aliyelifanya. Kisha ngoja kelele, ambazo Lamu hazicheleweshi: mkokoteni kwenye mawe, punda akilia, ndoo ikianguka. Usiangalie kama ameshtuka, maana wote hushtuka. Angalia anarudi baada ya muda gani. Anayerudi alipokuwa kabla hujamaliza kikombe cha kahawa anaweza kuishi na watoto. Anayepotea mpaka magharibi anahitaji nyumba ya aina nyingine.

Utulivu nao una sura tatu, na kuzichanganya kumewaponza wengi. Wa kwanza ametulia kweli: mwili umelegea, masikio yameelekea mbele, ukimkuna shavuni anakuongezea shavu. Wa pili ameganda. Huyu unaweza kumwinua kama kitambaa, haumi wala hapigi kelele, na anayekugawia atakwambia "mwone alivyo mpole". Tazama mboni: zimepanuka kwenye mwanga wa jua. Masikio yamelala pembeni, mkia umebanwa, makucha yameingia kwenye nguo yako. Hiyo ni hofu iliyofika mwisho, na siku itakapoachia, itaachia kwa meno. Wa tatu ni mgonjwa. Paka anayekaa tu, manyoya yamesimama, macho yana tongo, na hajilambi, si mtulivu. Anaumwa, na akipona utakutana na tabia yake halisi kwa mara ya kwanza. Apone kwanza ndipo uchague.

Tumbo lisikudanganye. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali, na ukweli ni kwamba hukubali sana akiwa na amani. Ila kukuonyesha tumbo si kukuomba ulishike. Wengi hupenda kukunwa mashavuni, chini ya kidevu na mbele ya masikio. Mkia ukianza kuchapa huku na huku au ngozi ya mgongo ikitetema, ameshatosheka. Mtoto asiyeweza kuelewa ishara hizo bado hajawa tayari kwa paka mwepesi wa kukasirika, hata kama paka mwenyewe ni mzuri.

Tuje kwenye nyumba, kwa kuwa nyumba nazo zina tabia. Chukua nyumba ya mawe ya kikale, yenye daka mlangoni, kiwanda (ua wa ndani) katikati na misana (kumbi ndefu) nyuma yake, anayeishi mzee na mtu mmoja wa kumsaidia. Hapa ndipo mahali pa yule mwoga mwenye mapenzi. Kuta nene zinazima kelele, kuna urefu wa kupanda, kuna vipembe vya kujificha, na watu ni wale wale kila siku. Paka mwoga akipata mahali pa juu pa kutazamia mambo bila kuguswa, hofu humpungua yenyewe. (Kabla hajaja, vishushe vyombo vya kaure vilivyo kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nasema hivi kwa kumwonea huruma mwenye zidaka.) Tahadhari moja kwa wazee: paka wa kujipitisha kati ya miguu ni mtamu sana kwa kijana, lakini kwa bibi mwenye macho hafifu kwenye ngazi za mawe ni hatari ya kuvunjika nyonga. Mtafutie wa miaka mitano na zaidi, wa kulala karibu na mtu badala ya kumfuatafuata.

Nyumba ya Langoni yenye watoto watano, mlango haufungwi, jamaa wa Faza na Pate wanakuja na kuondoka, ndiyo inayopenda kuchukua kipaka mdogo, na ndiyo isiyomfaa kipaka mdogo. Atabanwa, atabebwa kwa shingo, atakanyagwa. Hapa anatakiwa paka mzima jasiri na wa watu, mzito kidogo wa mwili, anayejua kunyanyuka na kuondoka anapochoshwa badala ya kuuma. Huyu yupo, tena wengi: ni wale waliokulia karibu na migahawa na madrasa, wamepapaswa na mikono mia. Mpe tu mahali pamoja ambapo mtoto haruhusiwi kumfuata, hata kama ni juu ya kabati.

Duka la nafaka au ghala la mvuvi ni kesi nyingine kabisa, na hapa ndipo yule asiyetaka kushikwa anapopata kazi. Usimwonee huruma kwamba hapendwi, hataki. Anataka chakula cha uhakika, maji, pembe ya kulala na panya. Wapo wanaomnyima chakula ili awinde zaidi, na hiyo ni dhulma isiyo na faida: hamu ya kuwinda haitegemei njaa peke yake, na paka aliyekula huendelea kuwinda. Paka ni mla nyama kwa maumbile, hawezi kuishi kwa ugali na mabaki ya wali. Na maziwa huwaharishia wengi wa wazima. Jambo la kuzingatia kwa paka wa ghala ni kumzoesha mahali: afungiwe humo wiki mbili au tatu, akilishwa saa zile zile, ndipo afunguliwe. Ukimtoa mjini ukampeleka Shela na kumwachia siku hiyo hiyo, usishangae kumkuta mjini tena. Kilomita tatu za ufuoni si safari kwa paka anayetaka kwao.

Palipo na vifaranga au njiwa sitapoteza maneno: usichukue paka mwindaji ukitarajia atajifunza adabu. Chukua mzee mzembe, au usichukue.

Mjamzito mara nyingi huambiwa amtoe paka nyumbani kwa sababu ya toksoplasmosi, ugonjwa wa vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka. Hofu ina msingi, amri imezidi. Paka aliyeambukizwa kwa kawaida hutoa vijidudu kwa wiki chache tu katika maisha yake, na vijidudu hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine akisafisha mchanga wa paka kila siku, na mama akaosha mikono, mboga na akala nyama iliyoiva, hatari inashuka sana. Ila kama familia bado inachagua, basi katika miezi hiyo paka mzima wa ndani ni bora kuliko kipaka anayeanza kuwinda, maana maambukizi mapya huja zaidi kwa wadogo.

Bado kuna nyumba za wageni. Mgeni anayekaa miezi sita humlisha paka kuku wa kuchemsha, anamlaza kitandani, kisha mwezi wa Mei masika yakishika anarudi kwao, na paka aliyesahau kuhangaika anabaki mlangoni. Paka anayetunzwa anaweza kuishi miaka 15. Anayejua ataondoka amlishe tu pale pale alipo, na fedha yake aitumie kumpeleka akahasiwe au kufungwa kizazi na kuchanjwa kichaa cha mbwa. Jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu, na huzaa baada ya kama siku 63. Kila tumbo linalozaliwa gofuni ni vipaka wengine ambao hakuna atakayewashika kwa wakati.

Mwisho wa yote, wekeni makubaliano ya kurudisha. Hili halifanyiki kwetu kwa sababu ya haya: aliyepewa anaona aibu kurudisha, kwa hiyo anamwacha paka "atoke mwenyewe". Semeni tangu mwanzo: "Mama, ukiona hamwelewani, nirudishie, hapana lawama." Wiki ya kwanza haihesabiki, hata jasiri atajificha, na anayekula usiku tu watu wamelala anaendelea vizuri. Wiki ya tatu ndiyo ya kuangalia. Kama bado hali mtu akiwepo, anakojoa nje ya mchanga wake, au anamvizia mtoto yule yule kila siku, nyumba haikumfaa. Na anayerudishwa aje na maelezo yake: alikuwa anajificha wapi, alimkimbia nani, alimfuata nani, kelele gani ilimshinda. Hayo ndiyo yatakayomchagulia nyumba ya pili, na kwa kawaida yana uhakika kuliko chochote tulichokisoma pale bandarini.